Nyumba Yenye Mbele Mbili

Nyie vijana mnaopita hapa nyumbani jioni mkiuliza, "Aama, bibi yetu, hebu tusimulie ilikuwaje huko relini," sauti imenikauka. Kila mmoja anakuja kwa wakati wake na kila mmoja anataka nianze mwanzo. Sasa naandika mara moja, someni, msiniulize tena. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta makosa ya kalamu atayapata, yawe yake.

Wengi wenu hamjaona treni. Mimi pia nilikuwa sijaiona, na uzee huu. Hapa Karatu tunaona magari ya wageni yaliyofunguka paa, tunaona na ndege zao ndogo, lakini reli haijatufikia. Kwa hiyo mkiona naeleza sana habari ya jengo moja la stesheni, vumilieni. Bila jengo lile hamtaelewa kitu.

Kwa nini niliondoka

Mdogo wangu Emiliana aliolewa na Mpare aliyekuwa mkuu wa stesheni ndogo iitwayo Kwamshitu, ukishapita Same. Mume alipofariki, Emiliana alibaki palepale kwenye chumba kimoja cha jengo, akatunza funguo. Treni ya abiria bado inasimama hapo siku chache za wiki, na mkuu mwingine hajaletwa. Katika watoto wa mama yetu tumebaki wawili, mimi na yeye.

Masika yalipoanza, simu yake ikawa haipatikani. Halafu dereva wa lori aliyetokea Tanga akamwambia mwanangu Boay kwamba mvua imeangusha stesheni ya Kwamshitu. Alipoulizwa imeangusha yote au kipande, akasema yeye alisikia tu hotelini akiwa anakula.

Boay anaendesha watalii. Asubuhi ile alikuwa ashuke nao kreta, lile shimo la wanyama. Akaniambia, "Mama, subiri nimalize na hawa wageni, nitakupeleka mwenyewe."

Nikamwambia, "Simba wa kreta hawahami. Mimi naenda."

Akatafuta namba ya zamani ya mtu mmoja anayefanya kazi ya kukarabati njia ya reli kule. Ikaita, ikapokelewa. Boay akasema, "Mwambie mama mdogo Emiliana kwamba dada yake anakuja, kesho kutwa atakuwa hapo." Yule mtu akasema, "Sawa, nita..." Simu ikakatika, haikupatikana tena. Atamwambia, au atamtafuta amkose, hatukujua. Nilifunga kitenge changu nikiwa na neno moja: nikimkuta hai, narudi naye Karatu, apende asipende. Nikimkosa, nioneshwe kaburi.

Maji ya Mto wa Mbu

Gari letu liliteremka ukingo wa bonde vizuri, tukaliona ziwa chini limejaa. Tulipofika Mto wa Mbu maji yalikuwa yamekatiza barabara, ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba magogo. Dereva akazima injini, akashuka, akakunja mikono kama mtu anayeangalia mpira. Tukashuka wote.

Nilikaa pembeni na mzee mmoja wa Kimasai, Saitoti, ametoka Piyaya anaenda Same kuangalia dume la mbegu. Aliniangalia muda, kisha akauliza, "Mama, wewe ni Mmbulu?"

"Mimi ni Mwiraqw. Nyie mnatuita Wambulu, haya, naitika."

"Babu yangu alisema nyie mlikuwa mnakaa chini ya ardhi kama nungunungu."

"Tulikaa chini kwa ajili ya babu yako na mkuki wake. Nyumba inachimbwa ubavuni mwa kilima, juu inafunikwa udongo mpaka majani yanaota, na ng'ombe ndani pamoja na sisi. Babu yako alikuwa anatembea juu ya paa letu anauliza, hawa watu wamekwenda wapi na ng'ombe wao."

Alicheka mpaka akashika magoti. "Kwa hiyo babu amekanyaga paa la bibi yako."

"Na vumbi likaangukia kwenye ugali. Ninunulie ndizi."

Akaninunulia zile ndizi nyekundu za hapo, nene, nzuri sana. Nilimweleza ninakokwenda na ninachokiogopa. Akatafuna, akasema, "Nyumba za reli haziangukagi hovyo."

"Umeshawahi kuiona moja?"

"Sijaona. Nakutia moyo."

Maji yalipungua jua likiwa limeshainama. Arusha niliingia giza likianza, nikalala kwa mjane wa binamu ya marehemu mume wangu, mwanamke wa Machame, mkarimu. Alinitengea mtori wa nyama, ile supu yao ya ndizi. Vijiko viwili vikanishinda, nikarudisha bakuli. Asubuhi nikasikia anamwambia binti yake, "Mmbulu huyu amezoea kande, mtori ameudharau." Nikatoka nikamweleza habari ya Emiliana. Akanifungia ule mtori kwenye chupa ya chai niende nao. Niliunywa karibu na Mwanga, na ulikuwa mtamu.

Kutoka Same

Basi, ambalo Saitoti naye alilipanda, liliharibika mara mbili kabla ya Same, mara ya kwanza tairi, mara ya pili hakuna aliyetuambia ni nini, tukaingia Same usiku, tukalala humohumo ndani ya basi. Alfajiri Saitoti alinisindikiza hadi kwa vijana wa bodaboda, akachagua mmoja mwenye kofia ngumu, akamwambia, "Huyu ni adui yetu wa zamani. Mfikishe mzima." Akaenda kwa dume lake.

Yule kijana akaniuliza, "Bibi, unapanda kwa kukaa upande au kiume?"

"Napanda kwa kufika."

Kumbe ilikuwa mbali. Tulipita mashamba ya katani, tukapita vijito vya tope, yeye ananyanyua miguu mimi nanyanyua kitenge. Halafu jengo likatokea, peke yake, katikati ya nyika.

Nilishtuka kwanza kwa kuwa limesimama. Nimewaambia sisi nyumba zetu za zamani zilijengwa zisionekane. Ile ilijengwa ionekane. Kuta za mawe yaliyochongwa, kila jiwe limekaa kwenye nafasi yake kama meno. Paa la vigae, kali, limeinuka juu kuliko kanisa letu, na kichwani limewekewa paa jingine dogo ili joto litoke. Katikati mlango mkubwa wa mbao wa vipande viwili, juu yake tao la mawe, mbele yake ngazi pana. Madirisha madogo, juu sana, hata mtu mrefu hachungulii.

Kisha nikaona mwisho wa kushoto. Kulikuwa na rundo la matofali, mabati yamekunjamana, na mbao zimechomoza. Nikamuuliza kijana, "Hapo ndipo watu walikuwa wanalala?" Akasema yeye hajui, yeye ni wa Same. Akageuza pikipiki akaondoka.

Upande wa barabara

Nilipanda ngazi, nikabisha. Kimya. Nikabisha kwa ngumi, nikaita kwa Kiswahili, nikaita kwa Kiiraqw. Kimya. Nikashuka, nikakaa kwenye ngazi.

Mtaniuliza kwa nini sikuzunguka. Boay ameniuliza, na wageni wake wameniuliza kupitia kwake. Nyie mmekulia mjini hapa kwenye fensi za matofali, hamjui. Ukifika kwa mtu unasimama mbele ya nyumba yake, unakohoa, unaita, unangoja uitikiwe. Huzunguki nyuma. Anayezunguka nyuma ya nyumba ya watu bila kuitikiwa ni mwizi, au ni mtu wa mambo mengine ambayo siyaandiki. Mimi nilifundishwa hivyo kwa fimbo, na nisingeanza kuchungulia nyuma za nyumba uzeeni, kwenye nyumba ya msiba pengine.

Nilijua nipo mbele. Mlango mkubwa upo hapo, ngazi zipo, barabara ipo. Nyumba yoyote duniani inaangalia njia ambayo watu wanapita.

Kwa hiyo nilikaa. Upepo ulikuwa mkali, bati moja kwenye lile rundo linajipigapiga. Niliangalia yale matofali. Nilitafuta nguo, kandambili, sufuria, kitu cha mtu. Sikuona. Hiyo ingenipa moyo, lakini akili ikaniambia wameshavitoa. Nikapiga hesabu ya maneno nitakayomwambia Boay. Nikamkasirikia marehemu shemeji yangu kwa kumleta binti wa watu kwenye nyika ile. Kisha nikamkasirikia Emiliana mwenyewe, maana nilimwambia wakati ule wa mazishi ya mumewe, twende nyumbani, akakataa. Nikalia kidogo. Nikajifuta, nikaenda kubisha tena, kwa jiwe sasa. Kimya.

Jua likapita utosini, likaanza kuteremka. Kwa mbali nikasikia mlio mrefu, mzito, kama dume la ng'ombe lililokwama mahali. Mlio ukaja tena, karibu zaidi, na ngazi nilizokalia zikaanza kutetemeka. Nikasimama. Nikawaza hii ndiyo treni, na treni ina watu, na kati ya hao yupo atakayejua habari. Lakini sauti inatokea nyuma ya nyumba. Basi nikasema Mungu anisamehe, nikazunguka.

Kushoto kifusi kilifunga njia. Nikaenda kulia, kwenye mnara wa mawe uliobeba tangi la maji, nikapenya kwenye miiba ikanichania kitenge, nikatokea ng'ambo.

Upande wa reli

Mbele ya nyumba ilikuwa huko.

Kulikuwa na baraza refu kuliko nyumba yenyewe, limeinuliwa kwa mawe mpaka kimo cha mlango wa behewa, mtu anaingia kwenye treni bila kupanda. Paa limetoka nje mbali kulifunika, limebebwa na nguzo ambazo ni vyuma vya reli ya zamani vilivyosimamishwa. Benchi za mbao, zimepakwa rangi. Maua kwenye makopo. Madirisha makubwa ya vioo, milango mitano yote iko wazi, na bendera imetundikwa. Treni imesimama, imejaa vichwa vya watu.

Na mwanamke mmoja mfupi, gauni la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, anatembea kando ya mabehewa, anachungulia dirisha hili na lile, anauliza watu kwa sauti ya kukata tamaa, "Hamjaona mama mmoja mrefu? Ametokea Arusha. Mrefu, amekunja uso."

Abiria mmoja akajibu, "Mama, humu kila mtu amekunja uso, treni imechelewa."

"Huyu wa kwangu amezidi," akasema. "Huyu amezaliwa hivyo."

Nikasema nyuma yake, "Nani amezaliwa hivyo?"

Emiliana aligeuka. Alinishika masikio yote mawili kama mtu anayeshika sufuria, akaniangalia usoni, kisha akanikumbatia nikahisi mbavu. Watu wa treni wakapiga makofi madirishani, kana kwamba sisi ni mchezo. Niliwaangalia wakaacha.

Treni ilipoondoka akaniuliza, "Umeshukia behewa gani? Nimeyaangalia yote."

"Sikuja na treni. Nimekuja na pikipiki. Nimekaa mbele ya nyumba yako tangu asubuhi."

"Mbele wapi? Mimi ndiye niliyekaa mbele tangu asubuhi. Niliambiwa unakuja, nikajua leo ni siku ya treni, nikakuwekea na mto kwenye benchi."

"Nimebisha kwa jiwe, Emiliana."

"Wewe ndiye ulikuwa unabisha? Nilisema ni lile bati."

Jengo moja lilikuwa kati yetu, mgongo wake huku na wangu kule. Akanipeleka kwenye dirisha niupime ukuta. Ukuta wa mawe mnene kiasi kwamba mkono wangu wote, kutoka kwapani hadi vidoleni, ulizama humo usitokee upande wa pili. Hata mtu akichinja ng'ombe kule, huku utadhani ni bati tu. Na ule mlango mkubwa niliokuwa nabisha ulifungwa zamani, watu wanapita ubavuni, kwenye kile kichochoro ambacho kifusi kimeziba. Emiliana amekaa na reli miaka mingi, na kwake njia inayopita watu ni ile ya chuma. Barabara anaiita nyuma, na huko ndiko anakomwaga majivu. Mimi nilikaa siku nzima kwenye majivu ya mdogo wangu nikimlilia. Tulicheka mpaka akakaa chini.

Funguo

Alipika makande ya Kipare, yenye maziwa, nikala sahani mbili. Kisha akachukua funguo akanionesha jengo, kwa fahari, kama mtu anayeonesha zizi.

Ofisi ya mkuu wa stesheni ina dirisha lililochomoza nje lenye vioo vitatu, mtu anakaa kwenye kiti chake anaiona treni inavyokuja na inavyokwenda bila kunyanyuka. Dirisha la tiketi ni dogo, ubao wake umelainika na viwiko vya watu mpaka umekuwa kama sabuni. Ukumbi wa watu wa kawaida hauna ukuta upande wa reli, ni nguzo tu. Chumba cha wakubwa wa zamani kina mlango wake peke yake na meko ya kuota moto.

"Meko ya nini na joto hili?" nikauliza.

"Wazungu waliojenga walikuja na ramani ya kwao. Hawakuuliza."

Maji yote ya paa yanakusanywa na mifereji, yanaingia kwenye kisima cha mawe chini ya baraza. Ndiyo maana ana maua. Kilichoanguka ni stoo, iliyojengwa juzijuzi kwa matofali ya saruji, ikaegemezwa tu kwenye ukuta wa mawe bila kufungwa nao. Maji yakapita chini yake, ikalala. Simu yake ilikuwa humo, imefukiwa. Ukuta wa zamani haukupata hata mstari. Niliupapasa mwenyewe mpaka nikaridhika. Hofu niliyotoka nayo Karatu iliishia hapo kwenye mawe.

Basi nikasema nilichokuja kusema. "Funga mzigo. Tunaondoka na treni inayorudi."

"Siendi, dada."

"Kwa nini?"

Akakaa kwenye benchi. "Nilikuja kwako mwaka ule, unakumbuka? Mlinikalisha kwenye kiti cha plastiki uani. Nikishika ufagio, wanao wananinyang'anya. Nikisogelea jiko, 'Mama mdogo, pumzika.' Kila anayepita ananiuliza narudi lini. Nilipumzika mpaka mgongo ukaniuma. Hapa nafungua milango, nachota maji, naweka watu kwenye kivuli. Treni ikichelewa mimi ndiye wananiuliza. Kwako mimi ni nani?"

Nilikuwa nimebeba maneno makali toka Karatu, yote ya kuamrisha, na hakuna hata moja lililofaa. Jioni mvua ilikuja, nzito, tukaiangalia kutoka barazani, hakuna tone lililotufikia. Mama Zaina, mke wa yule mtu wa reli aliyepokea simu, alikuja na watoto wake kujikinga, maana nyumba yao inavuja. Emiliana aliwafungulia kile chumba cha wakubwa bila kuombwa, akawasha yale meko, akawachemshia chai. Kila mtu pale alikuwa anamwita mama stesheni.

Asubuhi nikaanza upya. Nilimwambia ukweli ambao hata Boay sijamwambia. "Mahindi yangu ya juu hayajapaliliwa. Magoti yamekataa kilima. Nalipa vibarua wanakata mahindi pamoja na magugu. Nahitaji mtu."

Aliniangalia. "Ungeanza na hilo jana."

"Jana nilikuwa mkubwa wako."

Akafagia baraza lote, mwisho hadi mwisho. Kisha akaenda kwa Mama Zaina, akamkabidhi funguo mpaka mavuno, akamfundisha mlango gani unakwama ukilowa. Aliporudi akasema, "Nipewe jembe siku ya kwanza. Ukinikalisha, narudi."

Kurudi

Treni ilichelewa, tukaingojea kwenye benchi yenye mto, safari hii upande mmoja. Nilipanda. Inakwenda kama mtu anayetembea na kubebwa kwa wakati mmoja. Emiliana alinionesha kila stesheni tuliyopita, hii ina tao, hii waliipaka rangi mbaya, hii ilikuwa na saa. Moshi tulinunua ndizi za kuchoma. Arusha yule mama wa Machame alitupa mtori, nikamaliza bakuli mbele ya macho yake nikaomba mwingine. Mto wa Mbu maji yalikuwa yamekauka kabisa, utadhani niliwadanganya.

Tulifika nyumbani jioni. Boay alimkumbatia mama yake mdogo, akalia, mwanaume mzima. Mkewe akakimbia ndani, akatoka na kiti cha plastiki, akakipangusa, akakiweka katikati ya ua. "Karibu, mama mdogo. Kaa, pumzika, umechoka na safari."

Emiliana alisimama na kifurushi chake, akaniangalia mimi, hakukiangalia kiti.

Nikawaita wote, wa jikoni na wa zizini, nikawaambia: kiti hicho kirudi ndani. Kesho asubuhi jembe lenye mpini mpya ni la Emiliana, na ufagio wa ua ni wake. Na yeyote katika nyumba hii atakayemwambia apumzike, atapumzika yeye, na chakula asiulize.